Skrini Yenye Giza la Kweli

Skrini ya Mwinjuma haikujua kuonyesha giza. Kila cheusi kilitoka kijivu, na kesi yake ya kiwanja ilikuwa ichezwe Ijumaa, kwenye uwanja wa giza. Mjini kwao kesi za mipaka ziliamuliwa kwa mchezo wa kompyuta, kila mtu na skrini yake, na aliyeshindwa alihama.

"Funga mizigo mapema, jirani!" Shomari, mpinzani wake, alimchokoza juu ya ukuta.

Dukani muuzaji alimsifia skrini kubwa inayong'aa.

"Zima taa kwanza, kaka," Mwinjuma alimkatiza. "Nionyeshe cheusi."

Taa zilipozimwa, skrini zote zilibaki na ukungu, isipokuwa moja ya OLED, aina ambayo kila nukta hujizima yenyewe, iliyomezwa na giza kabisa. Akaibeba hiyo.

Ijumaa, mchezoni, alimwona askari wa Shomari amejibanza kivulini, akamlenga, akammaliza. Mtaa mzima ulipiga vigelegele, na mkewe Mwanahawa alicheza mpaka khanga ikamdondoka.

Skrini hiyo iliwagharimu cherehani ya Mwanahawa, kitanda cha wageni, na Shomari, jirani waliyeombana naye chumvi kwa miaka ishirini.