Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Kidole cha mwanafunzi mpya kilikuwa na alama ya pete ya ndoa iliyovuliwa asubuhi hiyo. Dorine, aliyeketi naye kwenye meza ya chemsha bongo, aliitazama kwa kinyaa.

"Ni wa mwaka wa kwanza," mkuu wa chuo chao alimwambia mwamuzi bila haya.

Wa kwanza! Mtu aliyemfundisha Dorine darasa la saba huko Ndanai, akamchapa viboko kwa kuiba jibu la jirani.

"Nyamaza, tushinde," jamaa huyo akamnong'oneza.

Dorine akasimama wima, mikono nyuma, kama yeye na wenzake walivyosimama zamani kila jamaa huyo alipoingia darasani.

"Habari ya asubuhi, mwalimu!"

Mwamuzi akageuka.

"Nzuri. Keti chini," akajibu kwa mazoea.