Mlangoni kwa Mama Ngiri

Enzi ambazo wanyama walijua kusema lakini hawakujua kusikia, Mama Ngiri alihamia karibu na jalala la kambi ya wageni. Pale hapakukosekana chipsi, maandazi wala keki. Akala, na mwanawe Kijino, kijana aliyeanza kuota meno ya nje, akala naye hadi tumbo likawa linaburuzika chini.

Mama akaingiwa na hofu. "Kuanzia leo utachimba mizizi, na kila asubuhi utakimbia hadi kwenye ule mgunga na kurudi. Simba hufukuza mnene."

"Twende wote, mama."

"Mimi nimeshazeeka, baba. Anayekua ni wewe."

Basi Kijino akawa anakimbia peke yake, na mama akimhimiza kutoka jalalani, mdomo umejaa. Miezi ikapita, kijana akawa mwepesi kama swala.

Asubuhi moja Simba alichomoka kwenye nyasi. Mama, aliyekuwa karibu, aliwahi shimo lao, akaingia kinyumenyume kama ilivyo desturi ya ngiri, ili meno yamwelekee adui. Akakwama kiunoni. Mbele haendi, nyuma harudi.

Kijino akafika mbio, Simba nyuma yake.

"Nipishe, mama!"

"Kimbia, mwanangu! Si unajua kukimbia?"

"Nimekimbia, mama. Nimeshafika."

Simba aliyatazama meno marefu ya mama, kisha yale machanga ya mtoto, akachagua.

Na mama aliona yote, maana ngiri huingia shimoni akitazama nje.