Msimu wa Kupanda

Kinyozi alikuwa amekwama katikati ya ngazi za jengo lao, begi la mgongoni limejaa mchele, jasho linamchuruzika, majirani wakimpita na ndoo zao na kumpa pole. Hakuwa anahama nyumba. Alikuwa akifanya mazoezi ya kupanda mlima, na mkewe alisimama mlangoni kwao huko juu, mikono kiunoni, akimsimamia.

Yote aliyaanzisha kwa mdomo wake mwenyewe. Kwenye harusi ya shemeji yake, mbele ya ukoo mzima wa wakwe, shibe ilimpanda kichwani akatangaza kwamba mwaka huu yeye na mkewe watafika kilele cha ule mlima wenye theluji. Mkewe, fundi cherehani asiyekubali kushindwa neno, akadakia kwamba yeye ndiye atakayetangulia. Wakwe wakashangilia. Tangu siku hiyo ikawa hakuna wa kurudi nyuma.

Tatizo ni kwamba kinyozi aliogopa urefu kuliko simba. Hata kile kiti chake cha kunyolea, kinachopandishwa kwa mguu, akikipandisha sana mteja ndiye anayekwenda juu lakini kizunguzungu kinamshika yeye. Ila kuna kitu alichokiogopa kuliko mlima wenyewe, nacho ni mkewe kumwona mwoga.

Ikabaki kuchagua msimu. Kinyozi, shingo upande, alipendekeza miezi ya kiangazi, maana kila mtu anajua mlima hupandwa wakati wa ukavu. Mkewe akasema haiwezekani, hiyo ndiyo miezi ya kushona sare za shule. Miezi ya baridi je? Baridi ya kule juu itamkaza vidole, na fundi cherehani bila vidole ni fundi gani. Basi miezi ya likizo? Watu wamejaa mpaka kileleni, wanapanga foleni utadhani wako benki. Yeye hakati kitambaa kabla hajapima mara mbili, alisema, na mlima nao ni vivyo hivyo. Kila mwezi ulipokataliwa, kinyozi alishukuru kimoyomoyo huku akikunja uso kwa masikitiko.

Mwishowe mkewe akaamua watafute mtaalamu, na atakalosema ndilo watakalofuata. Hapo kinyozi akapata akili. Akamwambia yupo mteja wake mmoja, yule wa kofia pana ambaye hata yeye amewahi kumshonea suruali. Mambo ya misimu ndiyo kazi yake. Mkewe alifikiri kidogo, pini kazibana midomoni, akasema sawa, kesho jioni wampigie pamoja.

Asichomwambia ni kwamba mtaalamu mwenyewe alikuwa bwana shamba. Miaka nenda miaka rudi huyo bwana ameulizwa msimu wa kupanda, na hakuna hata mmoja kati ya waliomuuliza aliyekuwa na mlima akilini. Kinyozi alijipa moyo kwamba mtu anayepimwa suruali haulizwi kazi.

Jioni iliyofuata wakaiweka simu juu ya meza ya cherehani, spika wazi. Kinyozi akakohoa.

"Mtaalamu, tuna swali moja tu. Msimu mzuri wa kupanda ni upi?"

"Mvua zikianza," bwana shamba alijibu bila kusita. "Ardhi ikishalowa vizuri, hapo ndipo mpande. Kwenye ukavu mtajichosha bure."

Kinyozi alikuwa akiomba neno moja tu lisitoke, nalo ni mahindi. Likitoka hilo, kwisha habari yake. Mkewe akasogeza kiti karibu na simu.

"Na kwenye mwinuko mkali?"

"Hapo, shemeji, muwe makini sana. Mvua kubwa ikija inateremka na kila kitu. Pandeni kwa mstari, mwachiane nafasi, msibanane."

Simu ikakatwa. Mahindi hayakutajwa, wala maharage. Kinyozi alitaka kucheza ngoma palepale, lakini akajizuia.

Mkewe alishusha pumzi ndefu. Akasema mtaalamu ndiye huyo kashasema mvua, na mvua zikianza kule juu ni matope na mawe yanayoteleza, hata wabeba mizigo hurudi kwao. Wakajivunje miguu kwa lipi? Akavirudisha viatu vyake vipya kwenye boksi, akampigia kaka yake kumwarifu kwamba msimu umewakatalia.

"Pole, mke wangu," kinyozi alisema. "Najua ulivyokuwa unautamani mlima ule."

"Basi tu, mume wangu. Na wewe pole."

Ile furaha haikukaa. Kila alipoliona lile boksi juu ya kabati, roho ilimsuta. Alimpenda mke wake, na amemnyang'anya kilele chake kwa ujanja wa neno moja. Mpaka mwisho wa wiki alikuwa ameshaamua kumweleza ukweli, na kiangazi kikija atapanda naye, hata kama ni kwa kufumba macho na kushika pindo la koti lake.

Bahati nzuri, Jumamosi bwana shamba alikuja kunyolewa. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akaona aanze kwa kumwungamia yeye kabla ya mkewe.

"Mzee wangu, nilikutumia vibaya. Sisi tulikuwa tunaulizia mlima, siyo shamba. Nashukuru tu kwamba hukutaja mahindi."

Bwana shamba alicheka mpaka kinyozi akauondoa wembe shingoni mwake.

"Ningeyatajaje, fundi? Mkeo alinipigia mchana wa siku ile ile, kabla yenu, akanisihi nisithubutu kuyataja, maana yeye akiuwazia tu ule mlima miguu inamwisha nguvu."