Mwanamke Asiyeota Jua

Kihara alifungua lango nusu, akatazama barabara pande zote mbili, ndipo akamwangalia Nerima.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, kama kawaida."

Huu ulikuwa mwaka wa tatu Nerima, muuguzi wa utafiti, akiwafuatilia watu wazima waliopungukiwa na vitamini D, aone vidonge vinaifanyia nini mifupa na figo zao. Wengine hapo mtaani Section 58 walimpokea kwa chai. Nyumba hii ilimpokea kama mwizi.

Kui alikuwa sebuleni, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Alikuwa amepauka kama chipukizi la kiazi kilichosahaulika stoo. Nerima alipomfunga mpira mkononi ili atoe damu, aliona kovu la zamani likipanda hadi kwenye kiwiko.

"Vidonge unameza?"

"Anameza," alijibu Kihara.

"Na jua je? Huwa unatoka nje hata kidogo?"

"Hatoki. Sista, chukua damu uende."

Kui aliinamisha kichwa. Nerima hakuhitaji kuambiwa huyu ni mwanamume wa aina gani. Babake mwenyewe alimjibia mamake maswali hivyo hivyo maisha yote, hadi mama alipowekwa kaburini.

Akiwa anafunga vifaa vyake, alimnong'oneza Kui kwamba akitaka kusaidiwa aseme tu. Kui akatikisa kichwa haraka, macho yake yakikimbilia mlangoni. Kihara aliwaona. Akamshika Nerima mkono, akamsukuma hadi nje ya lango.

"Na jina la huyu usilitaje mahali popote," alisema. "Ukilitaja utajuta."

Nerima alijua siri ya mgonjwa haitolewi. Akaenda moja kwa moja kituo cha polisi, akaitoa.

Aliyemsikiliza ni Koplo Muturi, mgeni pale, aliyehamishwa juzi tu kutoka Molo. Alikuwa mtu mpole, hakumkatiza hata mara moja. Aliposikia jina la Kui tu ndipo alipomwomba alirudie. Kisha akainuka, akavaa kofia yake, akasema kesi kama hii hawezi kumwachia mtu mwingine.

Njiani alimhimiza Nerima aharakishe. Nerima akamshukuru Mungu kwamba bado kuna askari wanaoumia kwa ajili ya wanawake.

Kihara alipofungua na kumwona koplo, alirudi nyuma hatua moja, kisha akakazana kulifunga lango tena. Mtu mkali kama yule. Nerima alimkumbuka mamake, akasogea mbele.

"Leo umepata mwenzako," alimwambia.

Koplo Muturi hakupaza sauti. Aliliegemea lango kwa bega, taratibu, mpaka likasalimu amri.

"Shemeji," alimwambia Kihara, "umenifichia mke wangu vya kutosha. Mwite dadako atoke."