Jani la Isale

Kindness alipiga magoti uani kwa mama mkwe wake, kijijini Kibosho, mtoto mgongoni, mkononi jani la isale la kuombea radhi. Kwa Wachaga, jani hilo likikataliwa, hakuna mlango wa ukoo utakaomfungukia tena.

Jana yake redioni, mtangazaji alimuuliza kama mchekeshaji kama yeye anaweza kumcha Mungu. Alijibu kwamba jukwaa ndilo lililomfundisha kusali. Kisha, kwa kunogewa, akaigiza mama mkwe wake anavyomtuma Mungu katika sala kama anayemtuma mtu dukani.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe aliendelea kumenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu.

"Watu walicheka?"

"Walicheka, mama."

"Redio yangu ilikwaruza. Hebu uniigize hapa."

Mtoto alijinyonganyonga. Kindness akafumba macho, akageuza sauti: "Baba, ukishuka, pitia kwanza kwa jirani, mwambie arudishe sufuria yangu…"

Kisu kiliwekwa chini. Alipofumbua macho, vidole vyeusi vilikuwa vimeshika ncha ya jani, bila kulivuta.

"Umesahau kukohoa," mama mkwe akasema. "Mimi huanza kwa kukohoa. Rudia."