Goroli ya Kwanza

Kopo la vipande vya risasi lililia gizani, kisha Nyamizi akawasha kibatari jikoni. Jana nguruwe pori walimaliza mahindi ya jirani. Leo zamu ilikuwa ya shamba lake.

"Acha, Mama Wande," alisema mumewe, Lugendo, mkono wake wa kulia umefungwa kwa vijiti baada ya kuvunjika. "Kwetu mwanamke akigusa kalibu ya kuundia risasi, gobore linakosa shabaha."

"Na wewe utalishika kwa mkono upi?"

Nyamizi alimtoa binti yao nje, maana moshi wa risasi haukumfaa mtoto. Risasi ilipoyeyuka chunguni, aliimimina kwenye kalibu, akasubiri, akafungua. Goroli ya gobore ilitoka na makunyanzi kama ndulele iliyokauka.

"Si nilikwambia!" Lugendo alidakia.

"Kalibu bado ni baridi, Baba Wande. Hata chapati ya kwanza hukataa kikaango."

Aliirudisha goroli chunguni, akaisogeza kalibu kwenye makaa mpaka ikapata moto, akamimina tena. Safari hii goroli ilidondoka laini, mviringo mzuri. Ilipopoa, Lugendo aliigeuzageuza kwa mkono wa kushoto. Kisha akaelekeza kidevu ukutani, lilipoegemea gobore.

"Kalishindilie nje, mbali na moto," alisema taratibu. "Baruti kwanza, ndipo goroli. Na bega ulikaze."

Wande akachungulia mlangoni.

"Mama, nguruwe wameingia shambani."