Mzazi Asimame Mbele

Kwa maelezo ya Mama Dirisha, jirani ambaye kazi yake ya kwanza ni kuegemea dirisha na ya pili kuuza mayai, binti wa Mama Pasi alionekana asubuhi hiyo jukwaani shuleni, kitambaa cheusi kimefungwa mkononi, analia mpaka wageni wakatoa leso. Wageni wenyewe ni wale wafadhili wanaowalipia ada watoto wasiojiweza.

"Nilikuwa nimepeleka mayai jikoni pale shuleni," alisema Mama Dirisha. "Nikachungulia dirishani. Maneno sikuyasikia, lakini machozi nimeyaona kwa macho haya haya."

"Macho hayo hayo yaliona mwizi juu ya bati letu, kumbe paka," alisema Mama Pasi bila kuinua pasi.

"Haya. Mficha uchi hazai, mwenzangu."

Mama Pasi alicheka puani. Alikuwa akifua na kunyoosha nguo za watu tangu mumewe alipofariki, binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na cha bure hakijawahi kupita mlangoni kwake.

Nafasi ya mpango ule wa wafadhili aliwahi kupewa. Binti aliporudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mwalimu mlezi alimtuma na ujumbe kwamba anaweza kusaidiwa, ila mzazi asimame mbele ya wageni aeleze shida zake kwa mdomo wake. Wageni walipenda kusikia wenyewe. Asiye na mzazi kabisa ndiye tu aliyejisemea. Muuza mkaa wa mtaa wa pili alisimama, akaeleza mpaka godoro lake lilivyochanika, wakampigia makofi.

"Wanaushangilia umaskini kama goli," Mama Pasi alimwambia binti siku hiyo. "Mimi naanika nguo za watu, mwenyewe sianikwi. Kabla sijasimama pale, bora nife."

Binti alikaa nyumbani, akasoma kwa madaftari ya kuazima, akamsaidia mama yake kukamua mashuka. Ukimwita aliitika, lakini macho yalikuwa barabarani, kwa wenzake waliokuwa wakipita na sare. Halafu asubuhi moja na yeye akavaa yake, akasema shule imemruhusu kwa ajili ya alama zake nzuri. Mama Pasi hakubakiza mteja asiyesikia habari hiyo. "Akili haihitaji mfadhili," aliwaambia, hasa muuza mkaa.

Na kitambaa? Kweli, binti alikiomba, kile cheusi alichovaa mama yake kwenye msiba wa baba.

"Cha nini?"

"Maigizo ya shule, mama."

Mama Pasi akakinyoosha kwa mkono wake mwenyewe, hata kona zikakaa sawa.

Sasa, Mama Dirisha alipoondoka na trei yake, pasi ilibaki imesimama na makaa yakipoa. Kumbe ndiyo maigizo yenyewe. Mtoto amekwenda kumwanika baba yake jukwaani! Fundi mwashi ambaye maisha yake yote hakuazima hata kiberiti, leo amegeuzwa kibakuli cha kuombea.

Alitoka na aproni yake vilevile. Njia nzima alikuwa akiyanoa maneno. Wafadhili angewaambia walilie ya kwao. Mwalimu angemwambia afundishe, aache kufuga machozi ya watoto wa watu. Alipofika mlango wa ofisi alikuwa ameshachagua la kuanza nalo: mtoto huyu ana mama, na mama huyo ana mikono.

Ndani walikuwa wageni wawili wanakunywa chai. Mmoja, mwanamke wa miwani, alikuwa amepakata shada la maua kama mtoto mchanga. Binti alisimama kando ya kabati, kitambaa mkononi. Alipomwona anayeingia, akakificha mgongoni.

Mwalimu mlezi akainuka kwa furaha. "Karibu, karibu sana. Sasa hivi tulikuwa tunasema hatujamwona mtu yeyote wa nyumbani kwake."

Mama Pasi akafungua mdomo.

"Shikamoo, shangazi," binti akawahi.

Mwanamke wa miwani akaweka kikombe chini, akaja akaushika mkono wa Mama Pasi, ule wenye makovu ya pasi, kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, dada. Mtoto ametusimulia mama yake alivyokuwa hodari, hakuwahi kumwomba mtu. Maua haya tumemletea yeye. Tunaomba utupeleke kwenye kaburi lake."